Korona na chati ya rais: nani alipanda, nani alianguka, na namba zake zisomwe vipi

Mchele na Pumba (mleta uzi)

Wakuu, habari za saa hizi.

Mijadala yetu ya viongozi na korona karibu yote huishia palepale: aliyewalinda watu wake alipendwa, aliyezembea alichukiwa. Namba zinakataa. Idadi ya waliokufa ilichangia, ila si kwa kiasi tunachodhani, na kuna miezi ambayo vifo na umaarufu vilipanda pamoja. Naweka nchi tatu hapa, halafu nieleze mambo yanavyokwenda. Wenye takwimu zao waongezee.

Brazili kwanza. Agosti 8, 2020 vifo vilivyotangazwa vilipita 100,000. Mwezi huohuo Datafolha, taasisi ya utafiti wa maoni ya huko, wakatoa matokeo yao: waliosema Rais Bolsonaro anafanya kazi vizuri au vizuri sana walikuwa asilimia 37, kiwango cha juu kuliko vyote tangu aapishwe Januari 2019. Juni walikuwa 32. Waliosema anaboronga wakashuka kutoka 44 hadi 34. Huyu ndiye aliyeiita korona kijimafua tu mwezi Machi, na Aprili 16 akamtimua waziri wake wa afya. Kilichompandisha ni hela ya kujikimu: reais 600 kwa mwezi, na 1,200 kwa mama anayelea watoto peke yake, iliyowafikia watu zaidi ya milioni 65. Septemba hela ikakatwa hadi 300, Desemba ikaisha. Januari 2021, wakati mjini Manaus wagonjwa wanakufa kwa kukosa oksijeni, ile 37 ikawa 31. Mei ikawa 24.

Uingereza. Januari 26, 2021 vifo vilivuka 100,000, moja ya rekodi mbaya za Ulaya. Mei 6 mwaka huohuo chama cha Waziri Mkuu Boris Johnson kikanyakua jimbo la Hartlepool, ambalo wapinzani wake wa Labour walikuwa nalo tangu lianzishwe 1974. Katikati hapo kuna chanjo. Waingereza walianza kuchanja Desemba 8, 2020 na kwa miezi kadhaa wakawa mbele sana ya nchi za Umoja wa Ulaya. Mpiga kura wa Mei hakuwa na hesabu ya makaburi ya Januari kichwani; alikuwa anaona foleni ya chanjo inatembea.

Japani ni kinyume chake. Vifo vichache mno ukilinganisha na Ulaya, na bado mawaziri wakuu wawili waliondoka. Abe alijiuzulu Agosti 2020 kwa maradhi ya utumbo, lakini chati yake ilikuwa imeshaporomoka. Watu walimcheka kwa kugawa barakoa mbili za kitambaa kwa kila kaya, haijalishi kaya ina watu wangapi. Aliyemrithi, Suga, alianza Septemba 2020 akiwa juu ya asilimia 60. Desemba akaonekana kwenye mgahawa wa nyama huko Ginza, Tokyo, na kundi la watu, wakati serikali yake inawaomba wananchi wasile kwa makundi ya watano na kuendelea. Akaomba radhi. Septemba 3, 2021 akatangaza kwamba hagombei tena uongozi wa chama.

Sasa mambo yanavyokwenda.

Mwanzoni karibu kila kiongozi hupanda. Hili halikuanza na korona. John Mueller aliandika mwaka 1970 kuhusu marais wa Marekani: tukio la ghafla, la kimataifa, linalomhusu rais moja kwa moja, huwafanya watu wajikusanye nyuma yake. Mfano unaotajwa sana ni Bush mtoto: asilimia 51 siku chache kabla ya Septemba 11, 2001, asilimia 90 kabla mwezi haujaisha.

Watu husema ni uzalendo au hofu. Zipo zote mbili, ila mtafiti mwingine, Richard Brody, alionyesha jambo ambalo wengi hulisahau: kiongozi hupanda zaidi pale wapinzani wanaponyamaza. Mwananchi wa kawaida huisoma kazi ya serikali kupitia ubishi wa wanasiasa. Ubishi ukikatika, anachosikia ni upande mmoja tu. Ni kama msibani, mwenye deni lake anangoja arobaini ipite ndipo aje kudai. Ureno, Machi 2020, kiongozi wa upinzani alisimama bungeni akamwambia waziri mkuu kwamba bahati yake ndiyo bahati yao wote, akamtakia ujasiri. Kauli kama hiyo inamsaidia waziri mkuu kuliko mkutano wa hadhara.

Ongeza televisheni. Kila jioni kiongozi yuko hewani, pembeni yake kuna daktari, na hakuna anayemkatiza.

Kushuka huja kwa njia tatu, na kwa mtazamo wangu hii ndiyo mizani yake: (a) kiongozi au watu wake kuvunja masharti waliyowawekea wengine, (b) hela kukatwa mapema, (c) amri kubadilika kila wiki mpaka watu hawajui kipi kimeruhusiwa. Vifo vinakuja baada ya hizo, isipokuwa pale ambapo mtu anaona kwa macho kwamba vingezuilika, kama oksijeni ya Manaus.

Karibuni tuchambue.

Nundu ya Ng'ombe

Naweka kambi. Mwenye kahawa asogee.

Bi Sampuli

Mleta uzi, namba zako ni sahihi, ila msomaji atazichukua asilimia moja moja kama bei ya sukari. Nianze na Trump, maana kila mtu anasema "korona ilimpandisha kisha ikamshusha".

Taasisi ya utafiti wa maoni ya Gallup, 2020, asilimia ya waliokubali anavyofanya kazi: mwisho wa Januari 49, katikati ya Februari 49, mwisho wa Februari 47, nusu ya kwanza ya Machi 44, nusu ya pili ya Machi 49. Magazeti yakaandika kapanda pointi tano. Kapanda kutoka wapi? Ukianzia ile 44, ni tano. Ukichukua wastani wa vipimo vinne vya kabla (49, 49, 47, 44) unapata 47.25, na kupanda kunabaki chini ya pointi mbili. Yaani alirudi alipokuwa Februari, kabla Mmarekani wa kawaida hajaanza kuiogopa korona.

Kuna shida ya pili. Sampuli ya watu 1,000 ina kiwango cha makosa cha pointi 3.1 juu na chini, kwa hesabu ya vitabuni: 1.96 mara kipeuo cha pili cha (0.5 × 0.5 ÷ 1000). Hiyo ni kwa kipimo kimoja. Ukilinganisha vipimo viwili, zidisha kwa 1.41, unapata 4.4. Gallup wenyewe huandika pointi 4 badala ya 3.1, kwa sababu sampuli ikishapewa uzito wa umri, rangi na elimu hupoteza nguvu. Zidisha 4 kwa 1.41, ni karibu 5.7. Kwa hiyo tofauti ya pointi tano kati ya tafiti mbili za Gallup, ikisimama peke yake, haithibitishi kitu.

Ukitaka kujua kitu kimetokea kweli, angalia kama namba inakaa. Nusu ya kwanza ya Aprili alikuwa 43, nusu ya pili 49, mwanzo wa Mei 49. Halafu vipimo vya kuanzia mwisho wa Mei hadi Juni vikaja 39 na 38. Kushuka kwa pointi kumi na kubaki hukohuko si bahati nasibu tena. Ila usikimbilie kuandika "korona". George Floyd, Mmarekani mweusi, aliuawa na polisi Mei 25 na maandamano yakajaa nchi nzima. Matukio mawili yameingia dirisha moja, na asilimia ya kukubalika peke yake haiwezi kuyatenganisha. Unahitaji swali mahususi, "unaridhika na anavyoshughulikia korona", na wengi huruka hapo.

Mbishi Asilia

Mleta uzi umechagua nchi zinazokufaa. Mbona umeiruka New Zealand? Mbona umeiruka Korea Kusini? Hao walizuia vifo na wakazawadiwa.

Ardern, waziri mkuu wa New Zealand, alifunga nchi Machi 25, 2020. Mei utafiti wa Colmar Brunton ukakipa chama chake, Labour, asilimia 59. Oktoba 17 akapata asilimia 50 ya kura na viti 65 kati ya 120. Tangu wabadilishe mfumo wa uchaguzi mwaka 1996 hakuna chama kilichokuwa kimewahi kupata wingi peke yake.

Moon Jae-in, rais wa Korea: mwisho wa Februari 2020, wakati maambukizi ya mji wa Daegu yamelipuka, Gallup Korea walimpa 42. Mwanzo wa Mei 71. Katikati hapo, Aprili 15, uchaguzi wa bunge ukafanyika watu wamevaa barakoa na glavu za plastiki, wanapimwa joto mlangoni, na chama chake na mshirika wake wakabeba viti 180 kati ya 300. Sasa niambie vifo havina kazi.

Mchele na Pumba

Mbishi, sikusema havina kazi. Nilisema si kwa kiasi tunachodhani. Tuendelee na hao wawili hadi mwisho wa mkanda.

Moon: Desemba 2020 alikuwa chini ya 40. Aprili 7, 2021 chama chake kikapoteza umeya wa Seoul na wa Busan siku moja. Korona Korea ilikuwa bado ndogo mno kwa kipimo cha dunia. Kilichomla ni bei za nyumba, pamoja na kashfa ya wafanyakazi wa shirika la umma la ardhi na nyumba waliotuhumiwa kununua viwanja kwa kutumia siri za ofisi.

Ardern: alitangaza kung'atuka Januari 19, 2023. Oktoba mwaka huo Labour ikaambulia asilimia 26.9, kutoka 50. Hata ukijumlisha mawimbi yote ya 2020 na 2021, vifo vya ziada New Zealand vilikuwa karibu na sifuri. Watu hawakuwa wamesahau. Walikuwa wanazungumzia bei za vyakula na kodi za nyumba.

Kuzuia vifo kunakupa mambo mawili: unapanda juu zaidi (Moon pointi karibu 30, wakati Macron wa Ufaransa alipata kama 10 tu) na unakaa juu muda mrefu zaidi. Ukibahatika uchaguzi ukaangukia ndani ya muda huo, umeshinda. Merkel, kansela wa Ujerumani, alipandisha chama chake kutoka chini ya asilimia 30 hadi karibu 40 kati ya Machi na Mei 2020. Uchaguzi wa nchi ulikuwa Septemba 2021. Chama kikapata 24.1, matokeo mabaya kuliko yote katika historia yake, na yeye binafsi alikuwa bado anapendwa. Sifa zilikuwa zake, hazikurithishika kwa Laschet, aliyegombea badala yake.

Bi Sampuli

Hapo kwa Merkel ongeza Machi 2021. Usiku walikubaliana kufunga nchi siku za Pasaka, siku mbili baadaye akaifuta amri na kuomba radhi hadharani. Mwezi huohuo wabunge wa chama chake wakakutwa wamekula kamisheni kwenye zabuni za barakoa. Njia yako (c) na ndugu yake (a), ndani ya wiki chache.

Mwanagenzi

Nashukuru kwa darasa. Niko kwenye tasnifu ya shahada ya kwanza, mada iko karibu na hii. Naomba utaratibu: mtu akitaka kupima athari ya janga kwenye umaarufu wa kiongozi mmoja anaanzia wapi? Na je, kiongozi mwenyewe akiugua anapanda?

Bi Sampuli

Swali la pili nalimaliza haraka. Johnson alilazwa Aprili 5, 2020, kesho yake akaingizwa chumba cha mahututi, Aprili 12 akatoka. Katikati ya mwezi taasisi ya utafiti ya YouGov walikuta asilimia 66 wanamwona vizuri. Trump alitangaza ameambukizwa Oktoba 2, na hakupata nafuu yoyote ya kuonekana kwenye tafiti. Tofauti ni muda. Mmoja aliugua wakati ambapo hata wapinzani walikuwa wanamwombea heri, mwingine mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, baada ya kubeza barakoa kwa miezi. Viongozi wawili hawatoshi kutengeneza kanuni, usiandike sura nzima juu ya hilo.

Utaratibu sasa.

Chagua taasisi moja ya utafiti na ukae nayo. Kila taasisi ina mwelekeo wake. Moja humpa kiongozi pointi tatu juu daima, nyingine tatu chini. Ukichanganya Januari ya taasisi hii na Aprili ya taasisi ile, umepima tofauti ya taasisi. Kama lazima uchanganye, kwanza toa wastani wa kila taasisi kutoka kwenye namba zake mwenyewe, halafu ndipo uweke pamoja.

Soma swali neno kwa neno. "Unakubaliana na anavyofanya kazi", "unamwona vizuri" na "ungempigia kura leo" ni vitu vitatu. Datafolha wana daraja la katikati, "wastani", ambalo hubeba kati ya robo na theluthi ya watu. Gallup hawana. Kwa hiyo 37 ya Bolsonaro na 49 ya Trump hazilinganishwi ana kwa ana, na kila mwaka kuna mtu anaziweka kwenye mchoro mmoja.

Kiwango cha kuanzia: wastani wa vipimo vyote vya siku 90 kabla ya kifo cha kwanza au hotuba ya kwanza ya taifa. Amua tarehe kabla hujaziona namba. Ukiamua baada ya kuziona utachagua shimo, na kila kupanda kutaonekana mlima.

Kilele: wastani wa vipimo vitatu mfululizo vya juu. Usichukue kimoja kilichoruka.

Kasi ya kushuka: hesabu wiki kutoka kilele hadi nusu ya kilichopandwa iwe imepotea. Mtu akitoka 45 hadi 65, nusu ni 55. Anafika 55 lini? Namba hii inalinganishwa vizuri kati ya nchi kuliko kilele chenyewe.

Halafu tengeneza jedwali la tarehe pembeni, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo: kifo cha kwanza, amri ya kwanza, siku upinzani ulipoanza kushambulia (soma kumbukumbu za bunge), siku hela ilipoanza na ilipokoma, kila tukio la mkubwa kuvunja masharti, kuanza kwa chanjo. Ukali wa amri unaupata kwenye kipimo cha Oxford cha 0 hadi 100, kipo kwa siku na kwa nchi, bure.

Kwa vifo tumia vya ziada, yaani waliokufa wote kwa sababu yoyote, ukitoa idadi iliyotarajiwa kwa miaka ya kawaida. Vifo vilivyotangazwa hutegemea nani amepimwa. WHO walikadiria vifo vya ziada milioni 14.9 duniani kwa 2020 na 2021, karibu mara tatu ya vilivyotangazwa. Ila kumbuka mpiga kura wa Aprili 2020 hakuziona hizo; aliona zile za taarifa ya habari. Kwa hiyo weka zote mbili, na useme ipi ni ya nini.

Mtego wa mwisho ni njia ya kuhoji. Janga lenyewe lilibadilisha vipimo. Datafolha waliohoji ana kwa ana walihamia simu mwaka 2020, kisha 2021 wakarudi ana kwa ana. Kwa hiyo sehemu ya ile safari ya 37 hadi 24 inaweza kuwa simu na si Bolsonaro. Marekani nako tafiti za 2020 zilizidisha pengo la Biden dhidi ya Trump kwa pointi 3.9. Moja ya maelezo yaliyotolewa ni kwamba waliotii kukaa nyumbani ndio waliopokea simu za watafiti, na hao wengi walikuwa wa Biden.

Mbishi Asilia

Hili la mwisho zito. Yaani janga linampima mpimaji.

Mwanagenzi

Dada nashukuru sana, nimenakili yote. Msimamizi wangu anataka nihakikishe ni amri ya kukaa nyumbani iliyopandisha na si hofu ya ugonjwa. Nitazitenganishaje?

Bi Sampuli

Wenzako wameligombania hilo. Timu ya Bol, Giani, Blais na Loewen ilikuwa na utafiti unaendelea mtandaoni katika nchi 15 za Ulaya Magharibi, Machi na Aprili 2020, na amri zikaja katikati. Wakalinganisha waliojibu kabla na waliojibu baada. Nia ya kukipigia kura chama cha mkuu wa serikali ilipanda kama asilimia 4, na imani kwa serikali ikapanda pia. Wakasema: ni amri. Akaja Schraff na takwimu za Uholanzi akaonyesha kwamba imani ilikuwa inapanda sambamba na maambukizi, na amri haina athari ya kipekee ukishaiweka hofu kwenye hesabu.

Kwa tasnifu ya shahada ya kwanza, usijaribu kuwaamulia. Chora mistari miwili, maambukizi na siku ya amri, uone kama namba zilianza kupanda kabla ya amri. Zikianza kabla, amri si chanzo.

Msafiri wa Voi

Salamu kutoka Kenya. Hiyo nadharia ya upinzani kunyamaza inagonga mwamba kwetu, maana upinzani ulishanyamaza kabla ya korona. Handisheki ya Rais Uhuru na kiongozi wa upinzani Raila ilikuwa Machi 9, 2018. Korona inaingia Machi 2020, Raila yuko ndani na aliyekuwa akiguna nje ni kambi ya naibu wa rais mwenyewe. Hakukuwa na ukimya mpya wa kumpandisha mtu.

Tena kafyu ilianza Machi 27, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na siku ileile polisi wakawatandika watu kwenye feri ya Likoni kabla hata saa haijafika. Aprili 1 rais akaomba msamaha. Agosti ikalipuka kashfa ya KEMSA, shirika la serikali la ugavi wa dawa: ununuzi wa vifaa vya kujikinga wa mabilioni ya shilingi. Hapo njia (a) ya mleta uzi inabidi ipanuliwe. Kwetu ghadhabu haikuwa ya karamu wala mgahawa. Mama mboga anafungiwa saa moja, na mwenye tenda analala tajiri.

Jambo la ziada: Uhuru hakuwa anagombea 2022, muhula wake wa pili ulikuwa unaisha. Kiongozi asiyegombea hupimwa kwa mtu anayemuunga mkono, na hapo korona imeshachanganyika na BBI (ule mpango wa kubadilisha katiba), bei ya unga na ugomvi wa ndani. Hutaitoa humo kwa kijiko.

Mchele na Pumba

Mkuu wa Voi, umeniongezea kitu. KEMSA na barakoa za Ujerumani ni kesi moja. Kumbe niiandike upya (a): wakubwa kutoumia wanapowaumiza wengine.

Nundu ya Ng'ombe

Na sisi Bongo? Tunazungukazunguka Ginza na Hartlepool kama vile hapa hapakuwa na kitu.

Mtoto wa Pangani

Nundu, hapa palikuwa na kitu, hapakuwa na kipimo.

Utafiti wa maoni wa mfululizo tuliokuwa nao ni Sauti za Wananchi wa shirika la Twaweza, wanaohoji kwa simu. Kukubalika kwa Magufuli: 2016 asilimia 96, 2017 asilimia 71, 2018 asilimia 55. Baada ya hiyo ya 2018, COSTECH, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, wakawaandikia barua wakidai hawakuwa na kibali cha utafiti ule. Septemba mwaka huohuo Sheria ya Takwimu ikarekebishwa, ikawa kosa kupinga takwimu rasmi. Juni 2019 ikalegezwa. Korona inabisha hodi Machi 16, 2020, ule mfululizo wa kukubalika umeshakatika. Kiwango cha kuanzia cha Bi Sampuli hatuna.

Upande wa ugonjwa nao hesabu ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21 mapema mwezi Mei, baada ya rais kuhoji vipimo vya maabara kwa ile habari ya sampuli za papai na mbuzi zilizodaiwa kukutwa na korona. Juni akatangaza korona imekwisha kwa maombi. Kwa hiyo mhimili wa kulia hauna namba na mhimili wa kushoto hauna namba.

Kuna wanaochukua uchaguzi wa Oktoba 28, 2020 kama kipimo: asilimia 84.4, kutoka 58.46 ya 2015, kwa hiyo kukataa kufunga nchi kulimpandisha. Hapana. Upinzani uliyakataa matokeo, waangalizi wengi wakubwa hawakuwepo, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kabla ya siku ya kura. Kura ya namna hiyo haiwezi kupima korona, iwe unampenda marehemu au humpendi.

Kinachoweza kusemwa bila namba ni hiki: hakufunga masoko wala daladala, hivyo yale maumivu ya (b) na (c) yaliyowapata viongozi wengine hayakuwepo. Rais Samia alipoingia Machi 2021 aliunda kamati ya wataalamu, akachanjwa hadharani Julai 28. Athari yake kwenye umaarufu? Rudi aya ya kwanza.

Mbishi Asilia

Na Uganda pia. Januari 14, 2021 wamepiga kura, mikutano ya kampeni imewekewa kikomo cha watu 200. Mwenye redio na serikali anafika kijijini bila mkutano, mpinzani hafiki. Novemba 18, 2020 mgombea wa upinzani Bobi Wine anakamatwa kwa hoja ya kuvunja masharti ya korona, maandamano, watu 54 wamekufa kwa hesabu ya serikali yenyewe. Hapo janga halikugusa umaarufu tu, liligusa uwanja wa mchezo. Mleta uzi anapaswa kuligawa: janga linalobadilisha maoni, na janga linalobadilisha masharti ya kampeni. Ukiyachanganya utasema Museveni alipendwa zaidi kwa sababu ya korona, wakati matokeo rasmi ya 58 na ushee yalikuwa chini kuliko 2016.

Mchele na Pumba

Nakubali mgawanyo huo bila ubishi.

Nundu ya Ng'ombe

Homa ya 1918 je? Rais wa Marekani alikuwa nani vile, Wilson?

Bi Sampuli

Wilson, na hakuwahi kutoa hotuba moja kwa wananchi kuhusu ile homa. Novemba 5, 1918 chama chake kilipoteza mabunge yote mawili. Lakini kulikuwa na vita, na watafiti waliopekua kura kaunti kwa kaunti wanakuta athari ya homa ni ndogo au hawaioni kabisa. Gallup alianza kazi 1935, kwa hiyo chati ya kukubalika haipo. Tuiache.

Lenye faida zaidi kwa leo ni utafiti wa Aksoy, Eichengreen na Saka. Walichukua majibu ya Gallup ya karibu nchi 140, wakayaoanisha na milipuko ya magonjwa tangu 1970. Waliokumbwa na mlipuko wakiwa na umri wa miaka 18 hadi 25 wanabaki na imani ndogo kwa viongozi na kwa uchaguzi, kwa miaka mingi. Waliokuwa wadogo au wakubwa zaidi ya hapo hawaonyeshi kovu hilo. Inashuka zaidi pale serikali ilipokuwa dhaifu. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 2020 atapiga kura hadi 2070 huko. Kiongozi wa wakati ule hatakuwepo. Atakayelipa ni mwingine.

Mwanagenzi

Swali la mwisho wakuu. Nchi gani nichukue? Nilikuwa nafikiria Tanzania.

Mtoto wa Pangani

Umesoma nilichoandika lakini?

Bi Sampuli

Chukua Brazili au Korea Kusini. Korea ina kipimo cha kila wiki, taasisi ileile, swali lilelile, na uchaguzi katikati. Brazili ina vipimo vichache zaidi lakini hela ilianza, ikapungua nusu, ikakoma, ikarudi Aprili 2021 kwa kiwango kidogo zaidi, wastani wa reais 250 kwa watu wachache kuliko awali. Hizo ni tarehe nne safi za kupima njia (b), na hutazipata kwingine kirahisi. Ukichagua Brazili, mchoro wa kwanza uwe wa waliohojiwa kwa simu peke yao, wa pili wa ana kwa ana, usiwaunganishe kwa mstari mmoja. Msimamizi akiuliza kwa nini, mwonyeshe ukurasa wa mbinu wa Datafolha, huwa mwishoni mwa ripoti.

Mwanagenzi

Brazili basi. Kireno nitakipata wapi sijui.

Nundu ya Ng'ombe

Msumbiji hapo, vuka Ruvuma.